Siti ya muji ikuwe valvu, haina albamu ya bakubwa

Mama mudogo wangu ana mjukuu wa wiki kumi. Baba ya mtoto anafanya kazi mgodini, zamu ya usiku, na kampuni inaomba akti ya kuzaliwa ili jina la mtoto liingie kwenye orodha ya matibabu. Bila ile karatasi, siku mtoto akishikwa na homa, wazazi watalipa dawa kwa mfuko wao. Basi mama mudogo akavaa kitenge, akaenda kwenye bilo moja, sitaitaja. Mara ya kwanza akaambiwa mwenye kuhusika hayuko. Mara ya pili kijana mmoja aliyesimama kiwanjani akamwuliza amekuja na franga ngapi. Mara ya tatu hakuenda. Alikuja kwangu na telefone yake, akaniambia: "Weye unajua mambo ya intaneti. Angalia kama banaandika bei."

Tukakaa chini ya muembe, yeye, mimi na shemeki yangu ambaye alikuwa na swali lake juu ya karatasi za parsele. Tuliangalia siti tatu za serikali, za ngazi mbalimbali. Sitasema ni za bilo gani, ju shida haiko ya bilo moja.

Ya kwanza ilifunguka pole pole. Picha kubwa ya mkubwa akikata utepe, kisha ya pili akisalimiana na wageni, kisha ya tatu. Picha zilikuwa zinajigeuza zenyewe, na megasi zinakwisha. Chini kulikuwa na neno la kukaribisha, refu sana, kwa Kifaransa cha tribinali. Mama mudogo alivumilia, kisha akasema: "Miye niko natafuta bei, haina sura ya bakubwa."

Ya pili ilikuwa na sehemu ya huduma kwa raia. Tukabonyeza. Ukurasa ukajibu kwamba bado unatengenezwa. Habari yake ya mwisho ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Ya tatu njo ilitupa tumaini: ilikuwa na orodha ya takse. Lakini ile orodha ilikuwa karatasi zilizopigwa picha na kufungwa pamoja katika faili moja zito. Likaanza kushuka, rezo ikakatika, likaanza upya, megasi zikaisha. Kulikuwa na namba ya telefone. Tulipiga. Haikulia.

Jibu tulilipata siku mbili baadaye kwenye ukuta wa maternite. Karatasi ya daftari, imeandikwa kwa biki ya bluu, kwa Kiswahili, mistari minne: mtoto aandikwe mbele ya siku 90, ni bure, kuja na karatasi ya maternite, kuja na vitambulisho vya wazazi. Kuisoma hakukutuchukua hata dakika moja. Na ile karatasi ilisema kweli. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka mtoto aandikwe ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na inasema kuandikwa kule hakulipiwi. Siku 90 zikipita, jambo linaingia tribinali, hukumu inaombwa, na pale njo franga zinaanza kutoka. Mjukuu wa mama mudogo alikuwa amebakiwa na siku kumi na nane.

Ndugu msomaji, kwetu kila mtu anajua valvu. Ni ule ubao wa matangazo kwenye ukuta wa komini, wa masomo, wa paruasi, wa mgodi. Mtoto anaenda kuangalia kwenye valvu kama alipita mtihani. Mfanyakazi anaangalia kwenye valvu zamu ya wiki inayokuja. Hakuna anayesimama mbele ya valvu ili kusifu mbao zake. Anasimama ili kujua jambo moja, analisoma, anaenda zake. Maoni yangu ni haya: siti ya mji, na siti ya kila komini, ni valvu ya leo. Ipimwe kama valvu. Kama mtu anatoka pale anajua alichokuja kutafuta, siti ni nzuri, hata kama haina picha moja. Kama anatoka vile alivyoingia, siti ni mbaya, hata ikiwa imegharimu franga nyingi.

Wengine watasema: serikali yetu haijui mambo ya intaneti, tuwasamehe. Hapana. Serikali yetu inajua. Angalieni Kadastri ya Madini, ile inayoitwa CAMI. Iko na ramani yake kwenye intaneti, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Mtu anaketi Toronto au Shanghai, anafungua ramani ya Kongo, anaishusha mpaka Katanga, na ardhi yetu inaonekana imekatwa miraba miraba. Mraba mmoja ni hekta 84,955. Anabonyeza juu ya kibali kimoja, anaona jina la mwenyewe, aina ya kibali, tarehe kilipotolewa na tarehe kitakapoisha. Hakutoka nyumbani, hakumwuliza kijana wa kiwanjani. Ile ni kazi nzuri, sina neno juu yake. Lakini inatufunza jambo: pale walipoamua kwamba mtu fulani asipoteze muda, ule mtu hapotezi muda. Anayetafuta udongo alitengenezewa dirisha. Yule anayelala juu ya ule udongo, pale Ruashi, Katuba, Kenya, Kamalondo, Kampemba, Annexe na Lubumbashi yenyewe, naye anangojea lake.

Na sisi watu wa migodi tuko na sababu ya pekee ya kudai. Wazee wanakumbuka. Wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines, kampuni njo ilikuwa dirisha la kila kitu. Nyumba ilitoka kwa kampuni, hospitali ya kampuni, masomo ya kampuni, posho ya kampuni. Sisemi ilikuwa paradiso. Ule mkono uliokulisha ulikuwa pia unakuchunga. Lakini mke wa mfanyakazi alijua bilo gani inaandika mtoto wake. Kisha mambo yakaanguka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka katika ile mpango ya "kuondoka kwa hiari". Kwa siku moja, familia nzima nzima ambazo zilikuwa hazijui mlango wa serikali zilianza kuutafuta zenyewe: karatasi za parsele, karatasi za watoto, karatasi za pensheni. Leo vijana wao wanafanya kazi kwa makampuni mapya, wengi kwa mikataba mifupi kupitia kampuni za kati, wengine wanachimba kwa mikono. Hakuna kampuni itakayowashikia mkono mpaka kwenye komini. Dirisha lao lililobakia ni la serikali, na lile dirisha lazima lisomeke.

Sasa tupime namna gani? Umoja wa Mataifa unapima siti za miji tangu 2018. Mwaka ule walianza na miji 40. Mwaka 2022 walichagua katika kila nchi mji mmoja, ule wenye watu wengi zaidi. Kwetu ni Kinshasa. Maana yake hakuna mtu atakayetoka New York kuja kutupimia siti ya Lubumbashi. Tutapima wenyewe, na haiko kazi ngumu.

Wataalamu wa dunia wana kipimo chao, kinaitwa ISO 9241-11. Ukikitoa maneno magumu, kinauliza mambo matatu. Mtu alikipata alichotafuta? Alitumia nguvu na muda gani ili kukipata? Alitoka na moyo gani? Mama mudogo wangu hakusoma ile ISO, lakini alijibu yote matatu: hapana, saa moja na megasi zote, na moyo mbaya.

Mimi natoa maulizo saba, ya mtu wa Lubumbashi. Chukueni telefone ndogo, ile ya kila siku, na mujaribu.

Moja: ukurasa unafunguka kwa rezo yetu, siku ya kawaida, pasipo kula megasi zote? Picha kumi za sherehe ni nzito kuliko kurasa mia za maneno.

Mbili: bei ya kila karatasi imeandikwa, kwa franga, mahali inapoonekana? Na pale ambapo ni bure, neno "bure" limeandikwa?

Tatu: imeandikwa mtu aje na nini? Si "dosie kamili". Kitu kwa kitu: karatasi gani, kopi ngapi, foto ngapi.

Ine: imeandikwa aende wapi, siku gani, saa gani, bilo namba gani, na baada ya siku ngapi karatasi itakuwa tayari? Mtu anayetoka mgodini saa kumi na mbili asubuhi hawezi kwenda mara tatu ili kuambiwa "rudi kesho".

Tano: ile namba ya telefone inalia? Na ikilia, kuna mtu anayejibu?

Sita: imeandikwa tarehe? Bei isiyo na tarehe ni hatari. Unakuja na karatasi mkononi, unaambiwa ile ni ya zamani.

Saba: inasomwa kwa Kiswahili? Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, mlango wake wa kwanza kabisa, inasema Kifaransa ni lugha ya serikali, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba ni lugha za taifa ambazo Serikali inapaswa kuzikuza pasipo ubaguzi. Haikusema tuzikuze kwenye nyimbo peke yake. Mama anayenunua unga kwa Kiswahili, anayesali kwa Kiswahili, anayekemea watoto kwa Kiswahili, kwa nini takse alipe kwa Kifaransa asichokielewa vema?

Kuna swali la nane, na hili linatuhusu sana sisi watu wa madini. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilirekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Kila kampuni inayochimba inalipa ile inaitwa redevansi ya madini: kwa shaba 3,5 kwa 100, kwa kobalti 10 kwa 100 tangu ilipotangazwa kuwa madini ya mkakati, mwezi wa 11 mwaka 2018. Ile franga inagawanywa hivi: 50 kwa 100 kwa serikali kuu, 25 kwa provensi, 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja, na 15 kwa utawala wa mahali mgodi ulipo. Utawala wa mahali ni nani? Sheria ya 2008 inataja: mji, komini, sekta na shefri. Kwa hiyo komini yenye mgodi ndani yake haiko maskini wa kuomba. Iko na haki yake, na sheria ya 2018 inataka haki ile ilipwe moja kwa moja kwake, isipite kwanza Kinshasa.

Basi siti ya komini kama ile ionyeshe jedwali moja dogo: mwezi gani, franga ngapi ziliingia kutoka mgodi gani, zilifanya nini. Mistari mitatu kwa mwezi inatosha. Najua kuna ripoti za ITIE, zinatolewa, ni kazi ya maana. Lakini ni ndefu, zimeandikwa kwa watu wa mahesabu. Najua pia kuna dekreti ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011 inayotaka mikataba ya madini itangazwe ndani ya siku 60. Vyote vizuri. Lakini mtu wa karchie hatafuti mkataba wa kurasa mia mbili. Anataka kujua kama ile mifereji iliyochimbwa mbele ya masomo ya watoto wake ilitoka kwenye jasho lake mwenyewe. Komini ambayo imefanya kazi na haionyeshi inajiharibia jina bure. Komini ambayo haikufanya na haionyeshi, tunaelewa kwa nini.

Nasikia maneno ya kupinga. Niyajibu, ju si ya kijinga.

Wa kwanza anasema: "Bantu bengi habana intaneti. Siti itasaidia nani?" Ni kweli wengi hawana. Lakini katika parsele moja kuna kijana mmoja mwenye telefone, na yule anasomea parsele nzima. Kuna pia vibanda vyetu vya sekretaria, kwenye kila soko, vyenye kompyuta na mashine ya kuchapa. Mama atalipa ukurasa mmoja, ataushika mkononi, ataenda nao kwenye bilo. Na jambo kubwa zaidi: bei ikishajulikana na wachache, inakuwa ngumu kumdanganya hata yule asiye na telefone. Angalieni Rwanda. Siti yao ya huduma, Irembo, inasomwa kwa Kinyarwanda pia, na kuna maajenti wanaokaa karibu na watu kwa kumsaidia asiyejua kubonyeza. Siti haikuondoa mtu. Ilimpa mtu kitu cha hakika cha kusoma.

Wa pili anasema: "Kiswahili gani? Kile cha Tanzania hatukielewi, na chetu hakiko cha kuandika." Ninyi munaosoma ukurasa huu, munakielewa ama hapana? Basi kiko cha kuandika. Redio zetu zinatangaza nacho kila siku, mapadri na wachungaji wanahubiri nacho. Tanzania, mwaka 2017, walizindua pale Dodoma siti za mikoa na halmashauri zao, kwa Kiswahili, zimepangwa kwa namna moja, hivi kwamba aliyejua kutembea katika moja anajua kutembea katika nyingine. Hatuhitaji kukopa maneno yao yote. Tukope ile akili ya kupanga komini zetu saba kwa namna moja, ili mtu akihama kutoka Katuba kwenda Kampemba asianze kujifunza upya.

Wa tatu anasema: "Franga haiko." Huyu namwuliza: maneno yana uzito gani? Ile karatasi ya maternite iligharimu ukurasa mmoja wa daftari na wino kidogo. Kinachokula franga ni mapambo, picha zinazojigeuza, na fundi anayetengeneza siti siku ya sherehe kisha anaondoka na kode zote mfukoni, hata tarehe haiwezi kubadilishwa pasipo yeye. Karani mmoja anayejua kupiga kompyuta, nusu siku kwa wiki, anatosha kwa kazi ninayoisema.

Wa nne hasemi kwa sauti, lakini nitasema kwa niaba yake. Bei ikiandikwa, madesu ya bana yatatoka wapi? Ajenti ambaye mshahara wake ni mdogo na unachelewa, anaishi na kile anachopata mbele ya meza. Simchukii. Watoto wake wanakula kama wangu. Lakini haiko haki kwamba njaa yake ilipwe na mama mwenye mtoto wa wiki kumi. Mshahara wake tuudai pamoja naye, kwa nguvu, mahali unapopaswa kutoka. Bei nayo iandikwe. Mambo haya mawili hayapingani, na yule anayesema moja lingojee lingine anataka yote mawili yasifanyike.

Nimesema tutapima wenyewe. Niseme namna. Kuna mtaalamu mmoja wa mambo haya, Jakob Nielsen, aliyeandika mwaka 2000 kwamba hauhitaji umati ili kujua makosa ya siti. Watu watano wanatosha. Pamoja na mwenzake Thomas Landauer walipiga hesabu na kuona kwamba watu watano wanaojaribu kweli, mmoja mmoja, wanafunua karibu 85 kwa 100 ya makosa. Unawapa kazi ya kufanya, unanyamaza, unaangalia wanakwama wapi. Kunyamaza njo sehemu ngumu. Fundi wa siti anataka kila mara kuelekeza kidole: "bonyeza hapa". Lakini mama akiwa peke yake nyumbani, kile kidole hakitakuwa pale.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa meya wa mji na kwa maburugumestri wote saba. Mbele ya kulipa fundi, mbele ya kukata utepe wa siti mpya, waite watu watano: mke wa mfanyakazi wa mgodi, mzee aliyetoka Gécamines, kijana anayechimba kwa mikono na anayetaka kujua atapataje kadi na koperative, mama wa soko, na mwanafunzi wa mwaka wa sita. Wape telefone ya bei ndogo. Waulize kila mmoja swali la maisha yake. Kama watatu kati ya watano hawapati jibu ndani ya dakika tano, fundi asilipwe, arudi kazini. Ule ni mtihani mdogo kuliko mitihani tunayowapa watoto wetu.

Na kwa ninyi wasomaji, musingojee waitwe wengine. Jumapili baada ya misa, kaeni watu watano, chukueni yale maulizo saba, mujaribu siti ya komini yenu, ya mji, ya provensi. Andikeni kwenye karatasi: swali gani, dakika ngapi, jibu lilipatikana ama hapana. Hapana matusi, hapana majina ya watu. Pelekeni ile karatasi komini, muombe kopi yenu igongwe muhuri kwamba imepokelewa. Ibara ya 24 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kuuliza si ujinga, na si fujo. Na kama siti haiko kabisa, ile pia muandike: "Tulitafuta, haiko." Ni jibu.

Kwa kungojea, kuna kitu kinachoweza kufanywa kesho asubuhi, pasipo fundi, pasipo rezo. Kila komini iandike mistari minne kwa kila karatasi inayotoa: ni franga ngapi, kuja na nini, bilo gani na saa gani, siku ngapi. Kwa Kifaransa upande mmoja, kwa Kiswahili upande mwingine. Ibandikwe kwenye valvu ya komini, ya maternite, ya soko, na kwenye mlango wa migodi ambapo zamu zinapishana. Vijana wataipiga foto, kabla ya saa sita itakuwa imezunguka katika WhatsApp ya karchie zote. Kisha ile mistari minne iingizwe kwenye siti vile ilivyo. Pale njo siti itakuwa imezaliwa kweli.

Mjukuu wa mama mudogo aliandikwa akiwa na siku 78. Mama mudogo alienda na karatasi ya maternite, vitambulisho viwili, na foto ya ile karatasi ya biki ya bluu katika telefone yake. Ajenti alipofungua kinywa juu ya franga, alimwonyesha foto. Ajenti akasoma, akatazama pembeni, akachukua kalamu, akaandika jina la mtoto.